Astro Fi yangu inatii SkyPortal tu: nifanyeje iendeshwe na Stellarium?

"Habari mtaalamu. Nimenunua darubini ya Celestron Astro Fi 130 iliyotumika. Haina rimoti, inaendeshwa kwa simu kupitia programu ya Celestron iitwayo SkyPortal. Mimi nataka kuiendesha kwa Stellarium, programu ya ramani ya anga, kwenye kompyuta yangu yenye Windows 10 na Ubuntu. Kompyuta inaunganika na Wi-Fi ya darubini bila shida. Nikatengeneza poti ya COM ya bandia inayoelekea 1.2.3.4 poti 2000, nikachagua 'Celestron NexStar (compatible)' ndani ya Stellarium, lakini haisomi chochote. Fundi mmoja anasema kampuni imeifunga, lazima aifungue aweke bodi nyingine. Mwingine anasema nikate kebo ya USB niiunge kwenye tundu la AUX. Niko Tanga. Inawezekana bila kuiharibu?"

Ndugu msomaji, inawezekana, tena bila kulegeza hata skrubu moja. Usimwachie fundi wa kwanza darubini yako. Kwa ushauri wa huyo wa pili nakusihi zaidi: usichomeke kebo ya kujitengenezea kwenye tundu la AUX. Tundu hilo lina pini sita, na kati ya hizo ipo inayobeba volti 12 za kulisha vifaa vya ziada. Umeme huo ukiingia kwenye USB ya kompyuta, ambayo kazi yake ni volti 5, utaunguza kompyuta au bodi ya darubini, pengine vyote viwili. Na bodi ya Astro Fi si ya kuokota Kariakoo.

Naelewa kwa nini unaambiwa imefungwa. Ukiitazama kwa nje inaonekana hivyo: programu moja inaikubali, nyingine zote inazinyamazia. Lakini hakuna nywila wala ufunguo wowote kati yako na mota. Mtandao wake wa Wi-Fi huja wazi, poti 2000 iko wazi, na amri zinazopita humo hazijafichwa. Kinachokosekana ni kitu kingine, na ukikielewa hicho, hatua zote zinazofuata zitakuwa na maana kwako.

Katika darubini za NexStar zenye rimoti, rimoti ndiyo kompyuta. Humo ndimo kuna orodha ya nyota, saa, mahali ulipo, na hesabu inayotokana na nyota ulizoilengesha mwanzoni. Stellarium ikituma herufi moja, "e", rimoti hujibu kwa namba mbili zinazoeleza darubini inatazama wapi angani, na kumalizia kwa alama ya #. Hiyo ndiyo lugha ya "Celestron NexStar" uliyoichagua. Astro Fi haina rimoti. Wi-Fi yake inaingia moja kwa moja kwenye njia ya AUX, zinakokaa bodi za mota, na mota hazijui nyota hata moja. Zinachojua ni pembe: mzunguko mzima umegawanywa hatua 16,777,216, yaani kila hatua ni kama sekunde ya nyuzi 0.08. Mota hizi ni sawa na dereva wa bodaboda mgeni mjini, anayejua kukata kulia na kushoto lakini hajui mtaa wowote kwa jina. Anayejua njia ni abiria, na abiria huyo ni SkyPortal iliyomo kwenye simu yako.

Kwa hiyo poti yako ya COM ya bandia huenda ilifanya kazi vizuri kabisa. Ilibeba herufi "e" hadi kwenye mota, na mota hazikuwa na la kujibu. Huhitaji kuvunja kufuli. Unahitaji programu itakayokaa kati ya Stellarium na mota, itunze saa, mahali na hesabu ya nyota, kisha iongee lugha ya AUX upande mmoja na lugha ya kawaida upande wa pili. Programu hizo zipo, na ni za bure.

Kabla ya kusakinisha chochote, hakikisha mota zinakusikia. Washa darubini, funga SkyPortal kabisa kwenye simu (isibaki nyuma ya pazia), unganisha Ubuntu na mtandao wa darubini, ule unaoanza na neno Celestron, kisha andika kwenye terminali:

printf '\x3b\x03\x20\x10\x01\xcc' | nc -w 2 1.2.3.4 2000 | xxd

Ujumbe huo wa baiti sita unasomeka hivi. 3b ni mwanzo wa kila ujumbe wa AUX. 03 ni urefu. 20 ni anayetuma, yaani programu. 10 ni anayetumiwa, mota ya mlalo. 01 ni swali "uko pembe gani?". cc ni baiti ya kuhakiki. Mota ya wima ni 11, na ukiiuliza hiyo, baiti ya mwisho inakuwa cb. Kwenye jibu tafuta mfululizo 3b 06 10 20 01. Baiti tatu zinazofuata ndiyo pembe yenyewe. Ukiuona mfululizo huo, vifaa vyako ni vizima na kilichobaki ni kazi ya programu tu. Usipouona, angalia umeme na Wi-Fi kwanza, kwa utaratibu nitakaoueleza mbele. Usikimbilie kubadili draiva, yaani programu ndogo inayoongea na kifaa.

Sasa upande wa Windows, ambao ndio ningekushauri uanze nao. Pakua CPWI kutoka tovuti ya Celestron. Ni programu yao wenyewe ya kompyuta, waliyoitengeneza pamoja na PlaneWave, na inaijua lugha ya AUX kupitia Wi-Fi. Pakua pia ASCOM Platform, ambayo ni daraja linaloziunganisha programu za astronomia na vifaa kwenye Windows. Sakinisha ASCOM kwanza, halafu CPWI. Fanya yote haya ukiwa bado kwenye intaneti ya kawaida, maana ukishajiunga na mtandao wa darubini intaneti inakatika, na wakati wa kusakinisha ASCOM huweza kuhitaji kupakua vipande vya .NET.

Fungua CPWI, ingiza mahali ulipo, jiunge na mtandao wa darubini, kisha chagua kuunganisha kwa Wi-Fi. Ukiweza kuisogeza darubini kwa vitufe vya CPWI, umeshavuka sehemu ngumu. Ukiwa na padi ya michezo ya kompyuta, CPWI inaikubali, nayo inaziba vizuri pengo la rimoti: unasogeza darubini huku jicho liko kwenye lenzi, bila kupapasa kibodi gizani.

Ioanishe darubini na nyota ndani ya CPWI, kwa utaratibu nitakaoueleza mbele, kabla ya kuigusa Stellarium. Baada ya hapo iache CPWI ikiwa wazi, fungua Stellarium ya toleo la karibuni, bonyeza F2, nenda kwenye Plugins, chagua Telescope Control, weka alama ya kuipakia kila inapoanza, halafu ifunge Stellarium na kuifungua tena. Rudi pale pale, bonyeza Configure, ongeza darubini mpya, chagua ASCOM, na kwenye orodha inayofunguka chagua CPWI. Ukishaunganisha, alama ya darubini itatokea kwenye anga la Stellarium. Bonyeza nyota yoyote, kisha Ctrl+1, na darubini itaifuata.

Kwenye Ubuntu njia ni INDI, inayofanya kazi ile ile ya daraja ambayo ASCOM inafanya kwenye Windows. Ongeza hazina ya INDI kama tovuti yao inavyoelekeza, sakinisha indi-full na KStars, ambayo ni programu nyingine ya ramani ya anga. Draiva unayoitaka inaitwa Celestron AUX. Usiichanganye na Celestron NexStar, maana hiyo ya pili itakurudisha kwenye tatizo lile lile la herufi "e". Ukitaka kuiwasha bila KStars, andika:

indiserver -v indi_celestron_aux

Kwenye ukurasa wa muunganisho wa draiva chagua mtandao wa TCP, anwani 1.2.3.4, poti 2000. Ndani ya Stellarium ongeza darubini ya aina ya INDI, seva localhost, poti 7624. Hapa hesabu ya nyota inatunzwa na draiva yenyewe: unaiamuru iende kwenye nyota, unaisogeza mpaka nyota ikae katikati, unabonyeza Sync, kisha unarudia kwa nyota nyingine. Faida kubwa ya njia hii huonekana ukiwa na kamera, kwa sababu Ekos, iliyomo ndani ya KStars, inaweza kupiga picha, kuzitambua nyota zilizomo, na kuirekebisha darubini bila wewe kuchungulia. Kwa mtu asiye na kamera naona CPWI ni nyepesi zaidi kujifunza.

Kama lengo lako lilikuwa tu kuondokana na SkyPortal, na simu si tatizo, programu ya simu ya SkySafari, toleo la Plus au Pro, inaongea na Wi-Fi ya Celestron moja kwa moja. Hizo ni za kulipia. Ile ya kawaida haiendeshi darubini. Njia nyingine ni kununua rimoti ya NexStar+ na kuichomeka kwenye AUX, kisha kompyuta inaungwa kwenye rimoti, si kwenye darubini. Hapo Stellarium itaisoma kama "Celestron NexStar" kwa kasi ya 9600, vile vile ulivyojaribu mwanzo. Ni njia imara, haitegemei Wi-Fi, lakini rimoti ni ghali, na uhakikishe muuzaji anathibitisha kwamba programu ya ndani ya rimoti hiyo inaitambua Astro Fi. Pia ukiwa na rimoti, chagua bwana mmoja kila usiku: uoanishaji uliofanya kwenye rimoti haujulikani na programu ya Wi-Fi, wala ule wa programu haujulikani na rimoti.

Kuhusu kubadili bodi, mradi wa OnStep, wa kujitengenezea bodi ya kuendesha darubini, ni wa kweli na mzuri, na pengine ndio fundi wako aliousikia. Lakini umezoeleka kwa mota za hatua, ilhali Astro Fi ina mota za DC zenye visoma-mzunguko. Utajikuta unabadili mota na gia, na mwisho wa yote utapata kile kile ambacho CPWI inakupa bure. Sikushauri.

Nije kwenye mambo yanayowakwamisha watu wengi baada ya kuunganisha, maana kwa hali yako naona haya ndiyo yatakayokula muda kuliko programu.

La kwanza ni umeme. Astro Fi inatumia betri 8 za AA. Zikiwa alkalini mpya ni volti 12. Zikiwa za kuchaji ni volti 1.2 kila moja, jumla 9.6, na mota zikianza kukimbia volti zinashuka zaidi. Dalili yake inapotosha: darubini inaanza kwenda, katikati ya safari Wi-Fi inapotea, na programu inalalamika kuhusu mtandao. Mtu anaanza kubadili mipangilio ya Wi-Fi kumbe ni betri. Tumia chanzo cha nje cha volti 12 chenye uwezo wa angalau ampea 2, plagi ya 5.5 kwa 2.1 mm, chanya katikati. Pima kwa multimita kabla ya kuchomeka. Betri ya sola ya volti 12 inafaa sana. Weka fyuzi ya ampea 3 karibu na betri, na usiitumie ikiwa bado kwenye chaja, kwa sababu wakati wa kuchajiwa inapanda kupita volti 14. Chaja ya kompyuta mpakato ya volti 19 usiisogeze karibu kabisa. Na kumbuka kwamba darubini ikizunguka, waya nao unajisokota kwenye miguu ya stendi. Acha urefu wa kutosha na uutazame kila baada ya safari ndefu.

La pili ni simu na kompyuta kuukimbia mtandao usio na intaneti. Simu ikiona Wi-Fi haina intaneti inarudi kwenye bando kimyakimya, kwa hiyo zima data kabla ya kuunganisha. Kwenye kompyuta zima VPN. Ukihitaji intaneti wakati huo huo, ichukue kutoka simu kwa waya wa USB. Unaweza pia kuiambia darubini ijiunge na rauta ya nyumbani, kupitia mpangilio wa "Configure Access Point" ndani ya SkyPortal. Ikishajiunga, anwani haitakuwa tena 1.2.3.4 bali ile itakayopewa na rauta. Redio yake ni ya masafa ya 2.4 GHz pekee. Rauta au hotspoti iliyowekwa 5 GHz, darubini haitaiona asilani.

La tatu ni saa na mahali, na hapa sisi wa Afrika Mashariki tuna makosa yetu maalumu. Tanga iko nyuzi 5 na dakika 4 kusini, nyuzi 39 na dakika 6 mashariki. Programu nyingi zinataka kusini iandikwe kwa alama ya kutoa, yaani -5.07, na mashariki kwa kujumlisha, 39.10. Kanda yetu ni UTC+3 mwaka mzima, hakuna kusogeza saa mbele wala nyuma. Ukiandika saa kwa mkono, saa 2 usiku ni 20:00. Anga linazunguka nyuzi 15 kwa saa moja, kwa hiyo ukubwa wa kosa unakuambia chanzo chake. Darubini ikikosea kama nyuzi 45 kuelekea mashariki au magharibi, hizo ni saa tatu: kuna sehemu imebaki kwenye UTC. Ikikosea nyuzi 90, umeingiza saa ya Kiswahili. Angalia kote kuwili, ndani ya Stellarium na ndani ya CPWI au draiva ya INDI, kwa kuwa kila moja ina kumbukumbu yake.

Kosa dogo lisilobadilika la kama theluthi ya nyuzi, ambalo ni kama theluthi mbili za upana wa Mwezi, lina chanzo kingine. Viwianishi vya nyota, yaani namba za mahali ilipo angani, huandikwa kwa mwaka 2000 au kwa tarehe ya leo, na mhimili wa dunia umeshasogea kiasi hicho tangu 2000. Kwenye mipangilio ya darubini ndani ya Stellarium, iache ASCOM iamue yenyewe. Ukiilazimisha J2000, yaani ile ya mwaka 2000, wakati draiva inatoa ya leo, utaisaka Zohali kila usiku pembeni ya ilipo.

Sasa uoanishaji wenyewe. Sawazisha stendi kwa pima maji. Kabla ya kuwasha, elekeza bomba kaskazini likiwa limelala sawa na upeo wa macho. Darubini haina kumbukumbu ya mahali ilipozimwa, inaanza kuhesabu kutoka ilipo. Dira ya kawaida inatosha, kwa kuwa ukanda wetu kaskazini ya sumaku inatofautiana na ya kweli kwa nyuzi chache tu. Nyota ya Kaskazini isahau, kwa Tanga iko chini ya upeo. Chagua nyota mbili au tatu angavu zilizoachana vya kutosha, zisiwe utosini wala zisiguse miti. Januari jioni, Sirius na Achernar zinafaa, na Suheli, ambayo Stellarium inaiandika Canopus, iwe ya tatu. Juni jioni, tumia Arcturus na Antares.

Anza na lenzi ya mm 25, inayokuza mara 26, kuipata nyota, kisha weka ya mm 10 inayokuza mara 65 ili uiweke katikati hasa. Msogeo wa mwisho uwe daima kitufe cha juu na cha kulia. Gia zina ulegevu kidogo, na ukimalizia kila nyota kwa upande ule ule, ulegevu huo unaegemea upande mmoja na hesabu inabaki sahihi. Ukimalizia mara kushoto mara kulia, darubini itakuwa inakosea leo huku kesho kule, nawe utailaumu programu.

Onyo moja la macho: usiiamuru darubini mchana kwa kompyuta bila kifuniko mbele yake. Inachagua njia yake yenyewe, na inaweza kupita juu ya Jua huku wewe umechungulia.

Kuna hali chache ambazo kompyuta haitazitatua, na hapo tafuta msaada wa ana kwa ana. Taa hazitoki kabisa ingawa volti 12 umezipima kwenye plagi. Kuna harufu ya kuungua. Mota inanguruma lakini bomba halisogei. Au lile jaribio la baiti sita linajibu vizuri kwa mota moja na kunyamaza kwa nyingine. Mpelekee fundi wa elektroniki anayerekebisha bodi, siyo wa simu tu, na umwambie mapema kwamba tundu za AUX zina volti 12. Mpe jibu la xxd ulilolipata kwa kila mota, 10 na 11, limeandikwa kwenye karatasi. Litamwonyesha upande gani wa bodi aanzie. Kama mota zote zinajibu lakini darubini bado inakosa nyota, huyo si mgonjwa wa fundi wa umeme. Tafuta mtu wa klabu ya astronomia au wa idara ya fizikia ya chuo kilicho karibu, mkae naye usiku mmoja mkioanisha nyota pamoja, na uende na kompyuta ile ile utakayoitumia nyumbani.